Ving'amuzi Viwili, Programu Mbili, na Mechi Bado Huioni

Swali la msomaji wa Nkuhungu, Dodoma:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mtumishi, kazini Mtumba, nyumbani Nkuhungu. Juu ya bati langu kuna madishi mawili, moja la Ligi Kuu yetu na moja la mpira wa Ulaya. Kwenye simu nina programu mbili, nazo zinataka kulipiwa. Mwezi huu nimelipia vyote, halafu Jumamosi timu yangu inacheza ugenini mechi ya awali ya CAF, siioni popote. Mke wangu ameniuliza hizo hela zinakwenda wapi, nimekosa jibu. Naomba unieleze: kampuni zikiwa nyingi, si bei inatakiwa kushuka? Kwa nini tusilipie sehemu moja tukaona kila kitu? Na kuna kijana mtaani ananiuzia kisanduku chenye chaneli zote za dunia kwa hela kidogo kwa mwezi. Nichukue?"

Marahaba, kijana wangu. Mkeo kauliza swali zuri kuliko yako yote, kwa hiyo nianze na lake.

Hela unayolipia king'amuzi kwa ajili ya michezo, sehemu kubwa yake hainunui dishi, wala kamera, wala sauti ya mtangazaji. Inanunua ruhusa. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya wanunuzi wa vipindi vya runinga, na kilichokuwa kikiwashangaza wageni wa kazi ile ni kwamba mkataba mzito kabisa wa mpira haukupi kitu cha kushika mkononi. Unakupa haki ya kuonyesha mechi fulani, katika nchi fulani, kwa miaka fulani. Na juu ya hapo kuna kipengele kimoja kinachobeba bei yote: kwamba mwingine yeyote katika nchi hizo haruhusiwi kuzionyesha. Hicho kipengele cha upekee ndicho kinachokutesa wewe hapo Nkuhungu.

Chukua ligi yetu. Mei 2021 TFF, shirikisho letu la mpira, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kuanzia msimu wa 2021/22. Gawanya tu kwa wastani, unapata zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Hakuna anayetoa hela hiyo ili mechi ileile ya Simba na Yanga ionekane pia kwa mshindani wake. Vivyo hivyo Ligi Kuu ya England: kwa nchi zetu za kusini mwa Sahara mnunuzi ni SuperSport, ambayo unaipata kupitia DStv, na anayeiuza ni ligi yenyewe iliyoko London. TFF haina neno kwenye mkataba wa London, na London haina habari na mkataba wa TFF. Kila mwenye mali kauza kwa aliyempa bei nzuri. Wewe ndiye unayepaswa kuviunganisha vipande, kwa mfuko wako.

Sasa hili la kampuni nyingi na bei kushuka. Ukienda soko la Majengo ukakuta wauza nyanya 20, nyanya zinashuka bei kwa sababu ukimkosa huyu unanunua kwa yule, na ni nyanya zilezile. Kwenye mpira wa runinga hakuna nyanya zilezile. Mechi ya Dodoma Jiji na Yanga pale Jamhuri ina muuzaji mmoja. Mechi ya Arsenal na Liverpool ina muuzaji mmoja, mwingine. Hawa wawili hawagombanii hela yako kwa kushusha bei, maana hakuna hata mmoja anayeweza kukupa cha mwenzake. Wanapogombana kweli ni huko juu, siku ya kuwania haki, na silaha yao huko ni kupandisha. Mshindi akishatoa fungu lile, analirudisha kutoka kwako mwezi kwa mwezi.

Kwa hiyo ushindani upo, ndugu yangu, tena mkali. Ila mwenye ligi ndiye anayeufaidi.

Waingereza walilijaribu jambo hili kwa nia njema kabisa. Ligi yao Kuu ilipoanza mwaka 1992, mkataba wa runinga na Sky na BBC ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5, na Sky, kampuni ya runinga ya kulipia, wakawa peke yao na mechi za mubashara. Miaka ikapita, Tume ya Ulaya ikasema hapana, kampuni moja kushika kila kitu si haki kwa mtazamaji. Kuanzia msimu wa 2007/08 ikawa marufuku mnunuzi mmoja kuchukua vifurushi vyote sita. Sky wakachukua vinne, kampuni nyingine ya Setanta ikachukua viwili. Shabiki wa Manchester aliyekuwa analipa sehemu moja akajikuta analipa mbili kwa mechi zilezile. Setanta ya Uingereza ikaanguka mwaka 2009, ikaja ESPN, ikaja BT Sport, mwaka 2019 ikaingia Amazon, na kila mmoja alikuja na ankara yake. Mkataba wa sasa wa ndani ya Uingereza, ulioanza msimu wa 2025/26, ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka na ule wa 1992, ni zaidi ya mara 25.

Na hapa nikuambie jambo ambalo vijana wa kijiweni huwa hawaliamini. Mwingereza anaona mechi chache za ligi yake kuliko wewe. Katika mechi 380 za msimu, Sky wameahidi angalau 215 na mshindani wao TNT Sports wana 52. Zinazobaki, zaidi ya 100, hazionyeshwi mubashara nchini kwao. Sababu ni kanuni ya tangu miaka ya 1960, iliyopiganiwa na mwenyekiti wa Burnley, Bob Lord, kwamba Jumamosi kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni, kwa saa zao, mpira usionyeshwe, ili watu waende viwanjani. Kwetu hizo ni mechi za saa kumi na mbili jioni, au saa kumi na moja wakiwa kwenye majira yao ya kiangazi. Ukiwa umekaa barazani Dodoma unamwangalia Fulham, jirani wa uwanja wa Fulham asiye na tiketi anasikiliza redio. Sikuambii hivi ili ujione tajiri. Nakuambia ili uone kwamba mipaka ya mkataba haifuati anayeipenda timu ni nani wala anaishi umbali gani na uwanja.

Marekani ndiko walikofika mbali zaidi. Mtu anayetaka kuifuata ligi yao ya mpira wa Kimarekani, NFL, anakuta mechi za Alhamisi ziko Amazon tangu 2022, kifurushi cha mechi za Jumapili za nje ya eneo lake kilihamia YouTube mwaka 2023, Krismasi ya 2024 mechi mbili zikaenda Netflix. Januari 2024 mechi nzima ya mtoano, Kansas City dhidi ya Miami, iliwekwa Peacock peke yake, huduma ya intaneti ya kulipia, isipokuwa kwa miji ya timu hizo mbili. Watu walijiunga kwa ajili ya mechi moja, wakiwa wamenuna, na wenye ligi wakahesabu kwamba wamefaulu. Ndiyo shida yenyewe: manung'uniko ya shabiki hayaonekani kwenye hesabu, malipo yake yanaonekana.

Ila kamba ikivutwa mno hukatika, na Ufaransa ilikatika mbele ya macho ya watu. Mediapro walishinda haki za ligi yao kwa zaidi ya yuro milioni 750 kwa mwaka, wakaanza kuonyesha mwaka 2020, na kabla mwaka haujaisha wakashindwa kulipa. Klabu zilikuwa zimeshapanga mishahara juu ya hela ile. Baadaye ikaja DAZN mwaka 2024, ikaondoka baada ya msimu mmoja. Agosti 2025 ligi ikaamua kufungua chaneli yake yenyewe, Ligue 1+, imuuzie shabiki moja kwa moja. Wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa, kila ligi na duka lake. Mimi naona kwa mtu wa Dodoma ingekuwa balaa: badala ya kulipia ving'amuzi viwili ungelipia TFF, ungelipia England, ungelipia Hispania, ungelipia CAF.

Je, sehemu moja kwa kila kitu inawezekana? Inawezekana. India wameifikia. Ligi yao ya kriketi, IPL, iliuzwa mwaka 2022 kwa jumla ya rupia zaidi ya bilioni 480, runinga kwa Disney Star na intaneti kwa Viacom18. Kwa muda, mshindani wa intaneti aliionyesha bure kwenye simu, watu wakafurahi sana. Kisha mwishoni mwa 2024 hao wawili wakaungana, na mwaka uliofuata ikawa JioHotstar, sehemu moja. Shabiki akapata alichoomba, yaani duka moja. Ila duka likiwa moja, mwenye duka ndiye anayepanga bei, na ule wa bure haukudumu. Nasi tuangalie: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv na SuperSport. Vipande vya bara hili vinaanza kukusanywa kwenye mkono mmoja. Usishangilie kabla hujaona bei.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili. Vipande vingi na duka moja vyote vinazaliwa na kile kipengele cha upekee. Kitakachoshusha bei ni mechi ileile kuuzwa na wauzaji wawili kwa wakati mmoja. Na hapo ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu haki isiyo ya pekee inanunuliwa kwa bei ndogo, na hela ya Azam ndiyo inayofika mpaka kwa Walima Zabibu wetu, Dodoma Jiji. Hiyo ni timu ya halmashauri ya jiji, haina tajiri wa mamilioni nyuma yake. Zamani klabu ya mkoani ilisubiri Simba au Yanga waje ili ipate mapato ya mlangoni ya maana. Sasa kuna fungu la runinga hata ukicheza na timu isiyojaza jukwaa. Mtu akiniambia tufute upekee wa Ligi Kuu kesho asubuhi, namuuliza kwanza nani atalipa nafasi ya hilo fungu.

Nije kwenye mechi yako ya Jumamosi, maana najua ndiyo iliyokuuma. Mkataba wa Ligi Kuu hauhusu mashindano ya CAF hata chembe. CAF ina biashara yake. Kuanzia mwaka 2017 ilikuwa imekabidhi haki zake kwa kampuni ya Lagardère kwa miaka 12, kwa dola bilioni moja, ikauvunja mkataba huo mwaka 2019, na tangu hapo huuza kwa mafungu, eneo kwa eneo, lugha kwa lugha. Lakini hayo ni ya hatua za juu. Katika hatua za awali mara nyingi anayeamua nani arushe mechi ni klabu mwenyeji. Mwenyeji akiwa na kituo cha kwao kilicholipa, utamwona huko kama kituo hicho kinafika kwako. Asipokuwa nacho, mechi inaishia kwenye ukurasa wake wa Facebook au YouTube, kamera moja, mtangazaji hayupo. Na wakati mwingine hakuna aliyepeleka hata kamera. Hapo hakuna king'amuzi cha kulaumu, ungeweza kuwa navyo kumi usingeiona. Ushauri wangu: mechi za awali za ugenini usizilipie chochote mapema. Siku mbili kabla, tazama kurasa rasmi za klabu zote mbili, yako na ya mwenyeji. Ya mwenyeji ndiyo muhimu zaidi, na watu wengi hawaitazami.

Kuhusu hayo madishi mawili, nina maneno mengi kidogo, kwa sababu Dodoma mnatapeliwa sana na mafundi wa barabarani. Setilaiti inayobeba DStv kwetu iko nyuzi 36 mashariki. Dodoma yenyewe iko karibu nyuzi 35.7. Maana yake setilaiti ile iko karibu utosini mwako, na ndiyo sababu dishi lake limelala chali. Azam wako nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lao limegeukia magharibi na limesimama zaidi. Tofauti ya hizo mbili ni nyuzi 29. Fundi akikuahidi kwamba kwa hela ya chai atafunga vichwa viwili vya LNB kwenye dishi lako moja dogo uondokane na la pili, mkatalie kwa upole. Nyuzi tatu, sita, kumi, fundi mzuri anacheza nazo. Nyuzi 29 kwenye dishi la nyumbani, moja ya picha itakuwa ya kukatika kila wingu likipita, na ataipima mbele yako siku ya jua kali ili uone inashika.

Anayetaka kupunguza dishi moja ana njia safi zaidi. Azam wanauza pia king'amuzi cha antena, kisichohitaji dishi. Kabla ya kukinunua, mwombe jirani mwenye nacho akuonyeshe kinavyoshika mtaani kwako, maana mawimbi ya ardhini hayapendi milima, na Dodoma ina vilima vya mawe kila upande. Faida nyingine ya antena utaiona kati ya Desemba na Aprili: mvua kubwa ikishuka, mawimbi ya setilaiti hudhoofika na picha huganda, ile ya ardhini huvumilia zaidi. Dishi likishaganda kwa mvua, usipande juu ya bati kulizungusha. Subiri. Madishi mengi yanayotengenezwa mwezi wa kwanza hayakuwa yameharibika, yalizungushwa na mwenye nyumba.

Programu za simu sasa. Hapa kuna hela unayoitupa bila kujua. Kabla ya kulipia programu yoyote, uliza kama akaunti ya king'amuzi chako inaifungua. Ya DStv inafungua programu yao ya simu bila malipo ya ziada, ila kuna kikomo cha vifaa vinavyoangalia kwa wakati mmoja. Watu kadhaa wanalipia king'amuzi, kisha wanalipia tena programu kana kwamba ni vitu viwili. Kwa AzamTV Max, ingia kwenye programu ukiwa na namba ya kadi yako na uangalie inakupa nini kabla hujagusa kitufe cha kulipa.

Halafu kuna bando, ambalo watu hulisahau kwenye hesabu. Picha safi ya kiwango cha kati hula kama GB 1.3 kwa saa. Mechi na mapumziko na zile dakika za nyongeza ni saa mbili, weka GB 2.6. Ukishusha ubora wa picha kwenye mipangilio, mechi nzima inaweza kukaa kwenye GB moja na kidogo, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa. Nenda kabadilishe leo, ipo chini ya alama ya gia. Kama umefungiwa faiba nyumbani, hili halikuhusu. Na ujue intaneti huchelewa: goli likifungwa, jirani mwenye dishi atapiga kelele nusu dakika kabla yako. Hakuna mpangilio wa kuondoa hilo. Zima kundi la WhatsApp mpaka filimbi ya mwisho, basi.

Sasa nifanye nini, ndilo swali la mwenye familia. Chukua karatasi, uandike mechi ulizoangalia kweli mwezi uliopita, toka mwanzo mpaka mwisho. Siyo zile ulizopanga kuangalia. Najua itakuwaje kwa watu wengi: Ligi Kuu yetu karibu kila mzunguko, Ulaya mechi nne au tano za maana. Kama ndivyo ilivyo kwako, king'amuzi cha ligi ya nyumbani ndicho cha kulipia kila mwezi, na Ulaya ifuate kalenda. Kati ya Septemba na Novemba, na tena Machi, kuna mapumziko ya timu za taifa, na ligi za Ulaya husimama karibu wiki mbili. Mwezi wa namna hiyo kulipia kifurushi kikubwa cha siku 30 ni kulipia nusu yake hewa. Pia jua kwamba vifurushi vya chini vya DStv huonyesha baadhi tu ya mechi za England. Usiulize "kifurushi hiki kina EPL?" Muuzaji atasema ndiyo na hatakuwa amedanganya. Uliza mechi ya Jumapili saa moja na nusu usiku iko chaneli namba ngapi, na chaneli hiyo iko kwenye kifurushi kipi.

Kwa hizo mechi nne au tano, kibanda umiza bado kinawashinda wote kwa hesabu. Kiingilio ni mia tano au buku, na mwenye kibanda keshabeba mzigo wa kuunganisha vipande ambao wewe unaubeba peke yako nyumbani: ana madishi yote, ana jenereta, na siku mechi mbili zinapogongana anaweka runinga mbili. Wenye wake wanaopenda mpira watasema kibanda si mahali pa kwenda na mama watoto, na nakubali, viti vingine havina hata mgongo. Lakini wapo wenye vibanda wanaotumia akaunti ya nyumbani kuonyesha biashara. Hilo ni kosa, kifurushi cha biashara ni kingine, na kikikatwa katikati ya mechi kiingilio hakirudi. Chagua kibanda kisicho na historia ya kukatwa.

Tumebaki na kijana wa kisanduku. Usichukue. Sikuambii kwa sababu ya kuwahurumia wenye haki, wana mawakili wa kutosha. Kisanduku kile hakina setilaiti wala mkataba. Mahali fulani mtu amenunua king'amuzi halali, anakamata picha yake na kuirusha kwa maelfu kupitia intaneti. Wenye haki wanavisaka vyanzo hivyo na kuvizima, na hupenda kuvizima siku ya mechi kubwa, dakika ambayo wateja ni wengi. Huyo kijana utamkuta amezima simu, na risiti huna. Zaidi ya hapo kisanduku kimekaa kwenye intaneti ya nyumbani kwako, ile unayofanyia malipo ya simu, na programu iliyomo ndani hakuna aliyeikagua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo ipo.

Watu huniuliza pia kuhusu kutumia king'amuzi cha nchi nyingine, wakidhani ni wizi uleule. Si uleule. Kuna mama mmoja mwenye baa Portsmouth, Uingereza, Karen Murphy, aliyelipia kadi halali ya Ugiriki ili aonyeshe Ligi Kuu ya England kwa bei nafuu. Alishtakiwa, akatozwa faini, akapambana mpaka Mahakama ya Ulaya, na Oktoba 2011 mahakama ikasema kumkataza mtu kununua kadi halali ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kunakwenda kinyume na soko lao huria. Hukumu ile ilitikisa biashara nzima. Lakini ilisimama juu ya mkataba wa Umoja wa Ulaya. Sisi na majirani zetu wa Afrika Mashariki hatuna hukumu ya namna hiyo, na kadi inayogundulika iko nje ya nchi yake hufungwa. Kujificha nyuma ya VPN, programu inayoficha uko nchi gani, nako kuna lake: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliwataka wanaozitumia wazitolee taarifa.

Mwisho, kuhusu malalamiko. Kwenye simu ya huduma kwa wateja utapoteza salio tu. Mkataba wa Ligi Kuu unaisha na msimu wa 2030/31, na mazungumzo ya mkataba kama huo huanza mapema sana kabla ya siku yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2027, tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Mimi ningeomba jambo moja dogo tu: mechi za Taifa Stars na fainali zinazochezwa kwenye ardhi yetu zisiwe na upekee, zionekane pia kwenye chaneli za bure. Uingereza ina orodha ya namna hiyo kwenye Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, Kombe la Dunia na fainali ya Kombe la FA zimo, na Sky hawakufilisika. Hilo halimgusi Dodoma Jiji hata senti. Andika, weka majina ya majirani zako, peleka nakala Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Nyingine mpelekee mbunge wako, bora wewe huhitaji nauli ya basi kumfikia, Bunge linakaa mjini kwako. Andika mwaka huu, maana haki za AFCON huuzwa muda mrefu kabla ya mpira kuwekwa katikati.